Ndara za Mlangoni na Kibanda cha Ziwani

Nyumba yetu ya Bawshar ina sheria, na sheria nimezitunga mimi. Umeme analipa mwanangu, na kwa karatasi nyumba ni yake, lakini sheria ni zangu.

Ya kwanza, mlangoni kila mtu aache jozi moja tu ya ndara. Nyengine ziende kabatini. Mlango wa nyumba si duka la viatu. Ya pili, watu hawahesabiwi. Kuku wahesabiwa, mitungi ya gesi yahesabiwa, watu hapana. Mama yangu, Unguja, alizaa watoto wengi na sijapata kumsikia akitaja idadi yetu. Mtu akimuuliza una wangapi, akijibu, "Wapo." Akitaka kujua kama sote tumerudi kula, akihesabu vikombe vya chai kwenye sinia. Kikombe kikikosa mtu, anatoka nje anaita. Sote tulikua, alhamdulillahi. Jirani yetu aliyekuwa akijisifu kwa namba, mmoja wa wanawe kila wiki akiumwa tumbo, na mwengine aliota meno yamepinda. Sisemi zaidi.

Mimi sikusoma sana. Chuoni nilihitimu Msahafu, skuli niliishia darasa la nne. Lakini sheria hizi hazikuwahi kuniangusha hata siku moja, mpaka mwaka jana tulipopanga kwenda kulala msituni Marekani.

Mwenye wazo ni mjukuu wangu, binti mkubwa wa mwanangu, anayesoma chuo kikuu huko upande wa kaskazini, penye maziwa makubwa mpaka ng'ambo ya pili haionekani. Alipiga simu Ijumaa moja baada ya chakula, sura imejaa kwenye kioo, kavaa koti na yumo ndani ya nyumba.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Nywele hizo nani kakufanya?"

"Nimejibana mwenyewe."

"Naona."

Kichwa kile nimekisuka mimi tangu nywele zilipofika kushikika. Kila Alkhamisi jioni akikaa chini, kati ya magoti yangu, namtia mafuta ya nazi, namchana, namsuka, naye analalamika kama anayechinjwa. Tangu aende huko miaka miwili hajasukwa. Anajibana kwa kibanio kama pazia.

Akatueleza. Mitihani yake itakwisha kiangazi, wakati huku kwetu joto linapasua mawe. Twende sote tukamtazame, na badala ya kukaa hoteli tukalale kwenye misitu ya serikali, mahala watu wanapopiga hema. Siku mbili msituni, siku tatu ukingoni mwa ziwa. Kuna miti, kuna ndege, asubuhi kuna ukungu.

"Na choo?" nikamuuliza.

"Kipo, bibi. Unatembea kidogo."

"Kidogo ya nani? Yako au yangu?"

Mwanangu alishakubali kabla hajamaliza kusikia. Yeye hujiona mtu wa nje. Kila msimu wa baridi hupakia gari mabusati, mkaa, nyama na wenziwe wa ofisini, wakaenda mchangani, jangwani. Wanakwenda mpaka pale moyo unapopenda, wanashuka, wanatandika, wanachoma. Hawaombi ruhusa ya mtu. Alidhani Marekani ni hivyo hivyo, ila na miti.

Kumbe msitu wa kule una ofisi. Mjukuu wangu alitusomea masharti, na nilimwambia asome polepole. Ardhi imekatwa vipande, kila kipande kina namba, kama maegesho ya gari. Kipande namba fulani ni chako, meza yake ni yako, mti wa jirani si wako. Kuni usije nazo kutoka kwako, ununue pale pale, ati kuni za kwenu zina wadudu. Ikifika saa nne usiku msiongee kwa sauti. Na chakula chote kifungiwe ndani ya gari kwa sababu ya dubu.

"Dubu?" mkwe wangu, mke wa mwanangu, aliuliza. Yeye ni mwalimu na huwa hashtuki ovyo.

"Wadogo, mama. Weusi. Wanaogopa watu."

"Nitakuja na ubani," nikasema. "Nitakifukiza kipande chetu kutwa mara mbili."

"Bibi, harufu ndiyo inayowaleta. Usije na ubani, wala udi, wala halwa, wala papa mkavu."

"Basi nije nanuka nini?"

"Usinuke kitu."

Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, sijapata kuambiwa nisinuke kitu. Lakini nilinyamaza, kwa sababu nilitaka kwenda. Naandika wazi ili ijulikane. Sikuutaka msitu, na maji ya ziwa nshaona ya bahari, yanatosha. Nilitaka kile kichwa kiwe kati ya magoti yangu siku tano, kipate mafuta. Kama hilo lataka nilale jirani na dubu, nitalala jirani na dubu.

Mwanangu aliponiuliza, "Mama, utaweza?" nikamjibu, "Tutazame." Watu wa nyumba hii wanajua. Nikisema tutazame maana yake ndiyo. Hapana yangu ni fupi zaidi.

Mdogo wangu, anayekaa Darsait, upande wa pili wa mji, ghorofa ya tatu, juu ya fundi wa viyoyozi, aliposikia alinipigia simu hapo hapo. Yeye ni mjane kama mimi na kazi yake kubwa ni kunicheka.

"Dada, watu wazima wanakwenda Marekani kulala kitandani. Weye wakwenda kulala chini?"

"Nitalala chini mbele ya mjukuu wangu."

"Magoti yako yakikataa kuinuka watakuacha na nyani."

"Kule hakuna nyani. Kuna dubu."

"Aa. Basi nshatulia."

Kwanza tukajaribu hema. Mwanangu alinunua moja, kubwa, la kijani, akalitandika uani siku ya mapumziko. Uani kwetu kuna vigae. Vile vyuma vya kukaza pembe haviingii kwenye vigae, na mwanangu alivigonga kwa nyundo mpaka kigae kimoja kikapasuka na mkewe akamtazama. Basi pembe moja wakaibana kwa mtungi wa gesi, ya pili kwa gunia la mchele, ya tatu kwa jiwe la kinu changu. Ya nne ikakosa kitu.

"Mama, hebu kaa hapa kidogo," mwanangu akaniambia.

Nikakaa. Wajukuu wawili wadogo wakaingia ndani ya hema, wakatoka, wakaingia. Mwanangu akasogea mbali, mikono kiunoni, akalisifu. Nilikaa pale robo saa nikimenya vitunguu thaumu ili muda usipotee. Nilipoinuka kwenda kusali, upepo ukatia hema pumzi, likapanda juu ya ukuta na kumlalia jirani kwenye gari lake jipya. Mwanangu akaenda kuomba radhi na sahani ya sambusa.

Nikajisemea, angalau sasa wanajua uzito wangu. Walinihesabu pamoja na gunia na mtungi. Sikujua kuwa hiyo ndiyo itakuwa hesabu pekee niliyomo.

Siku ya kukata nafasi ilifika. Mjukuu wangu alishatuonya kuwa nafasi hufunguliwa miezi sita kabla, saa mbili asubuhi ya kwao, ambayo kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni, na kwamba vibanda vya ziwani huondoka kama mkate wa moto. Ziwani hatukutaka hema. Kule kuna vibanda vya mbao vyenye vitanda, na mkwe wangu alisema siku mbili za hema ni sifa, siku tano ni ukorofi. Mambo ya viza na tiketi yangekuja baadaye. Kwanza nafasi, alisema mwanangu, maana nafasi ndizo zinazokwisha.

Tulikaa ukumbini. Mwanangu juu ya zulia na kompyuta yake mbele, mkewe ubavuni, watoto wamenyamazishwa kwa biskuti, mimi kwenye kiti changu na tasbihi. Saa ilipogonga, mwanangu akaanza kubonyeza.

"Msituni tumepata," akasema. "Sasa ziwani. Kipo hiki. Hiki kimeondoka. Kipo hiki. Wanauliza idadi."

"Tuko wa..." mkwe wangu akaanza, akaniona, akalimeza neno.

Vibanda vilikuwa vinazimika kwenye kompyuta kimoja kimoja. Mwanangu akaruka, akakimbilia mlangoni, nikamwona anainama na kidole chake kinakwenda juu ya ndara. Jozi, jozi, jozi, jozi. Akarudi mbio. Akaongeza mmoja wa Marekani kwa kidole gumba, kimya kimya, kama nilivyomfundisha. Akabonyeza.

"Tumepata," akasema, na jasho linamtoka. "Cha mwisho. Ukingoni kabisa."

Hakutaja namba. Nilimsifu moyoni kwa adabu yake. Nikasema, huyu nimemlea.

Hapa lazima niseme habari ya ndara zangu. Miaka ya nyuma nilikwenda kumsomea marehemu hitma kwenye nyumba moja mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nyumba ya watu wenye nafasi, ndara za wageni zimejaa mpaka barazani. Nilipotoka zangu hazipo. Nilichokuta ni ndara mbili za watu wawili tofauti, zote za mguu wa kushoto. Nilirudi nyumbani nimezivaa, natembea kama kaa. Tangu siku hiyo sijaacha ndara zangu mlangoni pa mtu, hata pangu. Nazitia mfuko wa plastiki, naingia nazo, naziweka chini ya kitanda. Sheria ya jozi moja ni ya wengine. Mimi mlangoni sina hata moja.

Hilo hakuna aliyelikumbuka, na sisemi hivyo kwa kulaumu, kwani hata mimi sikulikumbuka.

Zikapita wiki. Siku moja mkwe wangu akarudi kutoka dukani na mifuko ya kulalia, ile ambayo mtu anaingia ndani akajifunga kwa zipu mpaka kidevuni, kama maiti aliye na haraka. Akaimwaga ukumbini. Watoto wakagombania rangi. Mdogo akachukua wa chungwa, mkubwa wake wa buluu. Mweusi wa baba, wa zambarau wa mama, wa waridi ukawekwa pembeni kwa ajili ya dada yao. Nikangoja. Mkwe wangu akakunja mfuko wa duka, mtupu, akautia jikoni na mifuko myengine.

Nilikwenda chumbani kwangu nikakaa kitandani. Mtu mzima hadai mfuko wa kulalia. Nikajisemea, labda wangu unakuja peke yake, labda kuna wa watu wazima. Usiku kwenye chakula nikamsikia mwanangu anamwambia mkewe, "Kile kibanda kina vitanda viwili vya juu na chini na kimoja cha peke yake. Sawasawa kabisa, hakizidi hakipungui."

Nikavipiga hesabu kichwani. Vitanda nahesabu, sheria haikukataza vitanda. Vitano. Nikawatazama walioko mezani, mmoja mmoja, bila kuhesabu, nikamwongeza yule wa Marekani. Vitanda vikawatosha wote, na mimi nimeshika kijiko changu.

Mdogo wangu nilimwambia kesho yake. Sijui kwa nini, pengine kwa sababu hakuna mwengine.

"Wamekuacha," akasema.

"Wamenisahau."

"Ni afadhali?"

Nikavuta tasbihi yangu.

"Utakuja kukaa kwangu," akasema, na mara hii hakucheka. "Siku wakienda njoo na nguo zako. Fundi wa chini anagonga tangu asubuhi, utajihisi uko msituni."

Nilikaa na neno hilo siku tatu. Siku ya nne, mwanangu anakunywa kahawa, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama ninayeuliza bei ya samaki.

"Kule ziwani mie nalala wapi?"

Akafungua mdomo kujibu. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama mlango, na wote wawili nikaona wanaziona zile ndara akilini, moja moja. Mwanangu akaweka kikombe chini. Ana mvi sasa, ana tumbo, ana watu wanaomwogopa ofisini, lakini uso ule nilikuwa nimeuona mara ya mwisho alipokuwa na miaka saba na kavunja taa ya kandili.

"Mama, nilihesabu ndara."

"Naam."

"Zako..."

"Ziko chini ya kitanda."

Mkwe wangu akafunika uso kwa mikono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na alipogundua kuwa namwona akaanza kulia kweli, akanishika mkono akanibusu. "Utanisamehe, mama. Hata mfuko wako sikununua. Nilinunua kwa hesabu ya kwenye karatasi."

Mwanangu akashika simu akamwita binti yake. Huko ilikuwa alfajiri, akaja kwenye kioo na nywele zimesimama kama kapigwa na umeme, na mimi nikazidi kuumia. Akatueleza kuwa msituni si kitu, mtu mmoja anaongezwa, hema ni kitambaa, watu wanasogeana. Lakini kibanda ni kibanda. Wameandika watano, ni watano, wa sita halali ndani.

"Basi mdogo abaki kwa babu yake mzaa mama," mwanangu akasema. "Ni siku chache tu."

"Hapana," nikasema. Nilisema hapana yangu ni fupi. "Aliyekwisha ingia katika hesabu hatolewi. Mama yangu alitoa kikombe kimoja kwenye sinia siku moja, kwa sababu shangazi alituma kusema hatokuja. Siku ile ile shangazi akaanguka njiani akavunjika mguu."

"Kama alikuwa haji, bibi, alikuwa njiani anakwenda wapi?" mjukuu wangu akauliza toka Marekani.

"Hatukuuliza. Alishavunjika."

Hiyo ndiyo sheria ya tatu, na waliisikia wote, na mdogo wangu nilimsimulia jioni. Kama ningejua ningenyamaza.

Likabaki jambo moja. Mjukuu wangu alisema kuna vibanda vikubwa vichache, na watu wengine hukata nafasi kisha wakaghairi, nafasi zikarudi. Lazima mtu atazame kila siku. Basi mwanangu akawa anatazama kila siku, saa kumi na moja jioni, akitoka kazini hata kanzu hajavua. Ramadhani ikaingia, akawa anatazama na kiu yake. Nilimwona pale juu ya zulia, midomo imekauka, anabonyeza, anavuta pumzi, anabonyeza. Nilitaka kumwambia aache. Sikumwambia.

Kabla ya Idi mjukuu wangu akapiga simu kusema saa imekuwa kumi, si kumi na moja, kwa kuwa huko wamezisogeza saa.

"Nani kazisogeza?"

"Serikali, bibi. Nchi nzima."

"Watu wanasogeza saa za nchi nzima, kitanda kimoja hawawezi?"

Baada ya Idi, siku moja saa kumi kasoro, mdogo wangu akaingia. Kavuka mji mzima toka Darsait na foleni yote ile, kavaa nguo nzuri, na kaja na kaimati kwenye bakuli. Nikamwambia leo si siku yako. Akasema, "Kwani kuja kwa dada yangu kuna siku?" Akakaa, akajimiminia kahawa.

Na mimi siku zile zote nilikuwa nimefanya jambo ambalo sikulifanya tangu ile hitma. Ndara zangu nilizitoa chini ya kitanda, nikaziweka mlangoni, katikati, vidole vinatazama nje. Kila siku kabla ya saa ile nilikwenda kuhakikisha kuwa zipo na kwamba zote mbili si za kushoto.

Mwanangu akafungua kompyuta. Kisha akasema, taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu, "Kipo. Kikubwa. Ziwani."

"Kamata," mkewe akamwambia.

"Nimekamata. Wanauliza idadi. Ni s..."

"Usitaje," nikasema.

"Mama, naijua. Iko kichwani."

"Kichwa chako ndicho kilichonisahau. Nenda mlangoni."

"Mama, wanatupa dakika chache tu."

"Basi kimbia."

Akakimbia. Akainama. Kidole kikaenda, kikarudi, kikaenda tena. Akarudi uso umekunjamana, akanitazama, akatazama kompyuta, akafungua mdomo.

"Lakini mama, mbona..."

"Usitaje."

Akafunga mdomo, akabonyeza. Likatoka lile dirisha la kijani la kusema imekubaliwa. Watoto wakarukaruka. Mkwe wangu akanikumbatia. Mimi nikasema alhamdulillahi na nikaanza kupanga mafuta ya nazi yataingia kwenye chupa gani, maana mjukuu wangu hakusema kama dubu anapenda nazi.

Mwanangu peke yake hakufurahi. Alikuwa anatazama mlango.

"Zile za njano," akasema, "ndara za nani?"

"Zangu," mdogo wangu akajibu, bila kuteremsha kikombe.

Mwanangu akageuza kompyuta polepole, akarudi kusoma. "Naweza kupunguza," akasema. "Nadhani kuna mahala pa kupunguza."

"Punguza, mwanangu," mdogo wangu akasema kwa sauti tamu sana. "Nitoe katika hesabu. Nikivunjika mguu kwenye ngazi za Darsait, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, mtakuja kuniona hospitali. Dada, ile sheria yako ya tatu inasemaje?"

"Weye ulisema hulali chini," nikamwambia.

"Kibanda kina vitanda. Nimeuliza."

"Umemuuliza nani?"

"Mjukuu wetu. Tunaongea kila Jumanne. Ulidhani ana bibi mmoja?" Akatia kaimati mdomoni, akatafuna mpaka ikaisha. "Jana kaniambia kuna mwenzake wa chuo anaghairi kibanda kikubwa, leo kitarudi. Nikasema nitapita kwa dada, sijamwona siku nyingi."

"Na magoti yako?"

"Ni mabaya kuliko yako. Lakini tukiwa wawili dubu atapata kuchagua."

Mkwe wangu alitoka kwenda jikoni, na nikasikia anacheka akiwa peke yake, amefungulia maji ili nisisikie. Mwanangu alinitazama. Alikuwa anangoja sheria. Nilifikiri kidogo, kwa ajili ya heshima tu. Sheria nimeitunga mimi mwenyewe, na nimeitumia mbele ya watu, na shangazi yangu alivunjika mguu kwa ajili yake. Siwezi kuivunja kwa sababu tu imemwangukia mdogo wangu.

"Aje na blanketi lake," nikasema. "Na asiongee baada ya saa nne."

"Hilo," mdogo wangu akasema, "tutazame."

Na yeye ni wa nyumba moja nami, akisema tutazame najua maana yake. Lakini safari hii nilijua si ndiyo.

Aliondoka kabla ya magharibi. Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikasimama palepale mpaka amevaa zake za njano, maana hitma ile ya Madinat Sultan Qaboos na yeye alikuwepo, na jambo hilo sijalimaliza. Gari lake lilipotoka nikaziokota ndara zangu, nikazipangusa, nikazirudisha chini ya kitanda.

Kisha nikamwita mjukuu wangu kwenye simu. Alikuwa anatembea kwenda darasani, pumzi inamtoka moshi, nywele zimebanwa kwa kile kibanio.

"Baba kasema mmepata," akaniambia. "Mnakuja wangapi, bibi?"

"Tupo," nikamwambia. "Tafuta kitana chenye meno mapana."